Mstari wa Mgeni

Mti ule niliuua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, panga la marehemu baba mkononi na kiroba kitupu begani, na hapakuwa na mtu wa kunizuia.

Ulikuwa mjafari. Ulisimama katikati ya mawe makubwa nyuma ya nyumba yetu, kijijini upande wa Butiama, mahali ambapo jembe haliwezi kuingia. Aliyewahi kuuona mjafari hausahau: shina lake limejaa vinundu vigumu vyenye mwiba nchani, mfano wa chuchu za mbwa aliyezaa, na jani lake ukilifikicha linanukia ndimu. Mama alitibu watu kwa gome la mti huo. Homa, kikohozi kisichoisha, tumbo la mtoto. Hakuwa mganga wa kuogopwa. Alikuwa mama wa kawaida aliyejua mambo machache na kuyafanya vizuri. Mgonjwa alikuja asubuhi, akapewa kigoda, na mama akapanda kwenye mawe na kisu chake.

Kulikuwa na namna ya kutoa gome. Mama alikwenda jua likichomoza, na alikata upande ule jua linakotokea, huo peke yake, kipande kisichozidi kiganja. Kisha alichanganya kinyesi cha ng'ombe na udongo, akaupaka mti pale penye kidonda. Hakukata tena mpaka kidonda kile kiwe kimejifunga. Siku moja nilimuuliza kwa nini asikate na upande wa nyuma, ambako gome lilikuwa nene zaidi.

"Na wewe ukivuliwa nguo pande zote," akasema, "utakwenda kuchota maji?"

Nilicheka mpaka ndoo niliyobeba ikamwagika.

Baba alitangulia. Mama akamfuata baada ya miaka miwili, mimi nikiwa kidato cha pili. Nyuma yangu kulikuwa na mdogo wangu wa kiume wa miaka kumi na moja na mdogo wangu wa kike wa miaka mitano. Baba mdogo alikaa ng'ambo ya njia na watoto wake saba. Hakututupa, lakini sufuria yake ilikuwa na kipimo chake. Mwalimu wangu wa darasa alikuja nyumbani mara mbili kuniuliza nitarudi shule lini. Mara ya pili alinikuta natwanga muhogo. Akakaa, akanisaidia kupepeta, akaondoka bila kuuliza tena.

Nilipika kama mama alivyopika. Alikuwa akipima unga kwa bakuli, bakuli moja kwa kila watu wawili, na maji yakichemka aliongeza kiganja kimoja cha mgeni. Mgeni huyo hakuwa mtu fulani. Alikuwa yeyote anayeweza kubisha hodi mkono ukiwa tayari kwenye ugali. Hata siku ambazo unga ulibaki chini ya kiroba tu, tukakung'uta pembe zake, mkono wangu uliongeza kiganja kile. Sikuwahi kufikiri juu yake. Ndivyo ugali unavyopikwa.

Kisha akaja mnunuzi kutoka Bunda. Alikuwa anapita vijijini kukusanya dawa za miti, na alikwisha kusikia habari za mjafari wa mama. Mijafari mingine ya kilima kile ilikuwa imekwisha, watu waliichimba na mizizi yake. Alisema hanunui vipande vya kiganja, ananunua kiroba, na kiroba kisipojaa hakichukui.

Ninataka kuliandika jambo hili bila kulizunguka: nilijua namna ya mama. Nilijua upande wa jua, nilijua kiganja kimoja, nilijua kinyesi na udongo. Nikalizungusha panga shina lote, kutoka magotini hadi pale mkono wangu ulipofika juu, asubuhi mbili mfululizo, mpaka kiroba kikajaa. Sikupaka kitu. Tulikula kwa muda, na mdogo wangu wa kike akapata sare ya shule. Mwaka uliofuata majani ya juu yakageuka manjano. Kina mama waliokuja kuomba dawa wakaniuliza, "Mti wa mama yenu unaumwa?" Nikawajibu ni jua tu.

Mti ukikatwa gome kuuzunguka wote haufi siku hiyo. Unakaa unakufa.

Mdogo wangu wa kiume alipopata nguvu za kuvuta nyavu alikwenda Mugango kwenye mitumbwi. Mimi nilimchukua mdogo wa kike tukahamia Musoma mjini, chumba kimoja, nikapata kazi ya usafi katika maabara ndogo inayozalisha miche ya migomba. Nilianza na sakafu. Baada ya sakafu wakanipa chupa za kuosha, mamia kila siku, na mtaalamu wetu, kijana wa diploma aliyenizidi elimu na niliyemzidi umri, akanibatiza Mama Chupa. Mkuu wa maabara alikuwa mwanamke mtu mzima, tuliyemwita Daktari, mkimya, mwenye kuvaa kandambili za maliwatoni ofisini kwa sababu miguu yake ilivimba. Yeye ndiye aliyeona kwamba sivunji chupa na sisahau. Akanihamishia jikoni.

Jikoni kwetu hupikwa chakula cha mimea. Ni maji, sukari, chumvi za aina nyingi, na unga unaogandisha vyote hivyo ndani ya chupa viwe kama uji uliolala. Kipande kidogo cha mmea hukaa humo, kimefungiwa, pasipo udongo wala mdudu. Lakini chakula peke yake hakikiambii kipande kile kifanye nini. Kazi hiyo ni ya vichocheo vya ukuaji. Kimoja huuambia mmea utoe machipukizi, mengi, kutoka kipande kimoja. Kingine huuambia utoe mizizi. Wataalamu huviita kwa herufi zao. Mimi niliviita cha juu na cha chini, na baadaye maabara nzima ikaviita hivyo. Kiasi chake ni kidogo mno. Sufuria nzima ya chakula huingiwa na matone, na matone hayo ndiyo yanayoamua kila kitu.

Kipimo chetu cha kioo kilivunjika, si mikononi mwangu, na Daktari akanunua sindano ndogo kwenye duka la dawa, ile isiyo na ncha, yenye mistari ubavuni. Akanionyesha: sufuria ya migomba, mistari kumi ya cha juu. Nikapima. Migomba ikachipuka vizuri miaka yote, na hakuna aliyekuwa na neno.

Krismasi ya mwaka juzi tulikwenda kijijini. Mjafari ulikuwa gogo jeupe lililojaa mchwa. Nilizoea kutokwenda nyuma ya nyumba, lakini siku hiyo kuku alikuwa ametagia kwenye mawe na mdogo wangu wa kike akanituma nifuate mayai. Pale chini, kutoka kwenye mzizi uliobanwa na jiwe, lilikuwa limetoka chipukizi moja. Urefu wa kalamu. Lilikuwa limekwisha kung'atwa na mbuzi mara mbili tatu, lakini miiba yake midogo ilikuwepo, na jani lilinukia.

Nililizungushia miiba. Jumatatu nilisimama mlangoni kwa Daktari.

"Tunaweza kuzalisha mti?" nikauliza.

"Sisi tunafanya migomba."

"Najua, Daktari. Mti mmoja tu."

"Mti gani?"

"Mjafari."

Akavua miwani. Alikuwa wa huku huku Mara, mjafari aliujua. "Kaoteshe mbegu."

"Hauna mbegu. Umekufa, umebaki chipukizi moja kwenye mzizi."

"Kwa nini huo?"

"Kwa sababu niliuua mimi."

Alinipa rafu moja, ya chini kabisa, mpaka mvua za vuli. Baada ya hapo migomba ingeitaka rafu yake, maana wakulima walikuwa wanangoja.

Nilirudi kijijini nikaleta vichipukizi vya pembeni kumi na viwili kutoka kwenye shina lile dogo, vimefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Mtaalamu aliviosha kwa dawa, akavipanda chini ya kabati la hewa safi. Tisa vikaota ukungu ndani ya wiki. Kimoja kikatoa maji meusi kikajinyonga ndani ya maji yake. Vikabaki viwili.

Viwili hivyo vilichipuka. Kila mwezi tulivigawanya, tukavihamishia chupa mpya, vikachipuka tena. Dozi ya mjafari aliitafuta mtaalamu mwenyewe katika vitabu vyake: mstari mmoja wa cha juu kwa sufuria, mmoja tu, maana miti haipendi kusukumwa kama migomba. Mimi nikapima. Kufika mwezi wa saba tulikuwa na chupa thelathini.

Mwezi huohuo baba mdogo alinipigia simu.

"Mwanangu, mbuzi wamekula ule mti wako."

"Miiba niliyoweka?"

"Miiba watu wameichukua kuwashia moto. Wamekula mpaka kwenye jiwe. Beberu nimempiga, lakini kumpiga hakumtapishi."

Kwa hiyo mjafari wa mama ulikuwa umebaki kwenye chupa zile peke yake. Na chupa zile zilikuwa na tatizo. Machipukizi yalikuwa mengi, yamebanana kama kabichi, mafupi, majani yake manene yanayong'aa kama kioo kilicholowa. Hayakurefuka. Tulijaribu kuyahamishia kwenye chakula chenye cha chini ili yatoe mizizi. Hakuna uzi hata mmoja. Tukarudia. Hakuna.

"Mama Chupa," mtaalamu akaniambia akiinua chupa kwenye mwanga, "watoto wako wamenenepa lakini hawana miguu."

"Wamelishwa nini?"

"Ulichowapikia."

Alisema kwa utani, na mimi nikacheka naye. Daktari hakucheka. Alipita kwenye rafu, akatazama, akasema mmea usio na mizizi ni mboga, na kwamba vuli haiko mbali.

Jumapili moja, mwisho wa mwezi ule, tulitoka kanisani na mdogo wangu wa kike akaingia kupika. Alikuwa na miaka kumi na sita sasa, kidato cha tatu, mrefu kuniliko. Mimi nilikaa mlangoni nikiparua sato aliotuletea mdogo wetu kutoka Mugango. Nikamwona anapima unga. Bakuli moja, kwa watu wawili. Maji yakachemka, akamimina, akasonga, kisha mkono ukaenda kwenye kiroba ukarudi na kiganja kimoja.

Siku ile unga ulikuwa karibu kuisha. "We, umezidisha," nikamwambia.

"Sijazidisha. Wa mgeni."

"Mgeni gani? Unamtarajia nani?"

"Dada, si wewe ulinifundisha? Wewe mwenyewe ni lini umepimaga bila mgeni? Hata dawa ya kikohozi unanipaga kijiko na cha juu yake."

Kisu kilisimama kwenye magamba ya samaki. Niliutazama mkono wangu wa kulia. Nikauona umeshika sindano. Niliuona unavuta mpaka mstari wa kumi, kisha, kama pumzi inavyotoka, unavuta mmoja zaidi. Wa kumi na moja. Kila sufuria, miaka yote. Mgomba haukujali; kwenye kumi ukiongeza mmoja hauoni. Lakini mjafari ulipimiwa mmoja. Mmoja, na wa mgeni wa pili. Nilikuwa naulisha mara mbili, mwezi baada ya mwezi, nikiuambia chipua, chipua, chipua, na wakati huohuo nikiulaumu kwa nini hautoi mizizi.

"Dada, umejikata?"

"Hapana. Songa ugali."

Sikula. Mdogo wangu akadhani nimechukia habari ya unga. Mchana ule nilitembea mpaka ziwani na kurudi, nikibishana na nafsi yangu. Ningeweza kunyamaza. Ningeanza kupima sawasawa kesho yake, na pengine baada ya miezi mimea ingetengemaa, na hakuna ambaye angejua. Lakini miezi haikuwepo. Na mtaalamu angeendelea kuitafuta sababu mahali isipokuwepo, akibadilisha hiki na kile, mpaka rafu ichukuliwe. Mara ya kwanza niliuua mti huu na kusema ni jua. Sikuwa tayari kuuua tena na kusema ni vitabu.

Jumatatu nilifika kabla ya wote. Daktari alipoingia nilimwambia nikiwa nimesimama.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu uliponikabidhi sindano."

"Kila sufuria?"

"Kila sufuria."

"Na migomba?"

"Na migomba."

Mtaalamu alikuwa amefika mlangoni na amesikia. Akaanza kucheka, akashika kizingiti. "Kumbe migomba yote ya Mara imekula chakula cha wageni! Ndiyo maana inazaa kwa ukarimu."

"Nyamaza wewe," Daktari akasema. Akanigeukia. "Ungeniambia umevunja chupa mia ningekasirika nikamaliza. Hili sijui nikasirike vipi. Unajua daftari letu lote ni uongo?"

"Najua."

"Basi liandike."

Nikafungua daftari la chakula, na kwa mwandiko wangu wa kidato cha pili nikaandika kwamba tangu ukurasa wa kwanza wa sindano mpaka siku ile, kila sufuria imeingizwa mstari mmoja zaidi wa cha juu na mpimaji, kwa mazoea ya mkono. Nikaweka jina langu. Daktari akachukua sindano kutoka mfukoni mwa koti langu la kazi na kuiweka mezani pa mtaalamu. Nikarudi kwenye chupa za kuosha.

Niliosha. Lakini sikukaa kimya, kwa sababu katika siku mbili za kuosha nilikuwa nimekumbuka jambo. Kuna mwaka cha juu kilichelewa kufika, tukaishiwa kabisa, na tukaipandikiza migomba kwenye chakula kitupu ili isife tu. Haikuchipuka hata mara moja. Ilikaa, ikarefuka, na baadhi ikatoa mizizi yenyewe bila kuambiwa na mtu. Nilimfuata Daktari na mikono yenye sabuni.

"Tusiiongezee mijafari kitu," nikasema. "Tuiweke kwenye chakula kitupu. Ipumzike kwanza."

Mtaalamu hakukubali. Yeye aliona cha juu kimezidi, kwa hiyo cha chini nacho kiongezwe ili kishindane nacho. "Mgeni ameshaingia ndani, Mama Chupa. Kumtoa ni kwa nguvu."

"Wageni hutoka wenyewe wakiona hakuna chakula," nikamjibu.

Daktari alicheka hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akatueleza sisi wote kwamba kichocheo hakiishi siku unayoacha kukiweka; kinabaki ndani ya mmea, kinaendelea kusema neno lake. Kuongeza cha pili juu yake kunaweza kufaa, kunaweza pia kuleta vurugu. Hakujua. Aligawa chupa zile katikati: kumi na tano zifuate njia ya kijana, kumi na tano zifuate yangu.

Zangu hazikufanya kitu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mashada yalikaa kwenye uji mtupu kana kwamba yamesusa. Za mwenzangu zilibadilika upesi, chini yake pakavimba, naye akaniita kila asubuhi nione uvimbe. Nilikwenda kuona. Kisha nilirudi kuosha. Mwezi wa nane ukaisha. Nilimwambia mdogo wangu kwamba huenda mti wa mama usirudi, ili nisikie neno hilo nikilisema kwa sauti linakuwaje. Nikaona siwezi kulibeba, na sikulisema tena.

Wiki ya tano, nikifuta vumbi kwenye rafu, niliona chipukizi moja limewazidi wenzake kwa kimo. Kesho yake yalikuwa matatu. Majani mapya yalikuwa membamba, kijani cha kweli, hayang'ai kama kioo. Mtaalamu alipofungua chupa ya kwanza chini ya kabati la hewa safi aliinua kichwa na kunitazama.

"Njoo unuse."

Nilisogea nikiwa nimeziba mdomo kwa barakoa na bado ikanifikia. Ndimu. Miezi yote ile mashada yaliyonenepa hayakuwa na harufu yoyote, na sikuwa nimeona hilo.

Uvimbe wa chupa zake haukutoa mizizi. Ulikuwa madonge tu, laini, ya rangi ya maziwa. Alizimwaga mwenyewe bila kuambiwa, kisha akaja jikoni, akaweka sindano mbele yangu.

"Cha chini, nusu mstari. Vuta wewe, nasoma mimi."

Nikavuta. "Hapo?"

"Hapo hasa. Usiongeze. Leo hatutarajii mtu."

Tangu siku ile ndivyo tunavyofanya kazi, mmoja anavuta na mwingine anasoma mstari kwa sauti. Sindano imerudi mkononi mwangu. Mkono wangu bado hutaka kuendelea. Nausikia kila mara.

Mizizi niliiona kutoka chini. Nilikuwa nimeinua chupa juu ya kichwa changu kama ninavyofanya nikikagua uchafu, na kwenye kitako cha kioo kulikuwa na uzi mweupe uliojikunja, na mwingine pembeni yake. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaihesabu mpaka shingo ikauma. Daktari alikuja na kandambili zake, akatazama, akasema, "Haya. Sasa itoe kwenye rafu yangu." Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa.

Kutoka kwenye chupa kwenda kwenye udongo ni kifo cha pili. Mmea uliokulia ndani ya kioo haujui upepo. Tuliihamisha miche kumi na tisa kwenye mchanga, tukaifunika kwa nailoni, na kila siku tukaifunua kidogo zaidi ya jana. Kumi na miwili ilinyauka mmoja mmoja. Niliing'oa, nikaiangalia mizizi yake, nikaiandika. Saba ilisimama. Minne imebaki kwenye bustani ya maabara, na Daktari tayari amekata kichipukizi cha kwanza kutoka kwayo kuanzisha rafu nyingine, safari hii ya mjafari tangu mwanzo na si ya kuazimwa. Mitatu alinipa.

Tuliipanda kijijini, kwenye mawe yale, mwezi wa kumi na mbili, mvua ikiwa imeshika. Mdogo wangu wa kiume alikuja kutoka Mugango na nyavu kuukuu za kuzungushia uzio, zinanuka samaki, akisema mbuzi hapendi harufu hiyo. Mdogo wa kike alibeba miche mapajani mwake njia yote. Baba mdogo alivuka njia kuja kutazama, akazunguka mche wa kwanza, akainama, akajinyoosha.

"Huu ndio mti wenyewe mlioupikia mwaka mzima? Nimeona mchicha mrefu kuliko huu."

"Utakua, baba."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ni wako, baba. Tukuulize wewe."

Wote walicheka, na yeye pia. Kisha akaenda kwake akarudi na panga na mzigo wa matawi ya miiba, akapiga magoti kwenye mawe, na uzio ule aliufunga yeye, kwa mikono yake, mpaka pasipite kichwa cha mbuzi. Mchana alikula kwetu. Ugali ulimtosha.

Kabla hatujaondoka tulirudi wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike, pale kwenye mawe. Nilikuwa na kipande cha kitenge cha mama, nikakifunga kwenye mti wa uzio, upande ule jua linakotokea.

"Cha nini hicho?"

"Ndio upande wa kukata."

"Lini?"

"Shina likishakuzidi unene wa mapaja. Kiganja kimoja. Ukimaliza unapaka kinyesi na udongo, na hurudi mpaka pafungwe."

"Na mtu akija na kiroba?"

Nililivuta fundo la kitenge likakazika.

"Mwambie huo mti una mwenyewe. Akiuliza nani, niite."